Mtu Asiyeweza Kuketi: Kutoka Fizi Hadi Kigoma na Kurudi

Ninyi mlioniona nikiondoka Fizi nimelala kifudifudi juu ya machela, kisha mkaniona nikirudi kwa miguu yangu na beseni kichwani, mmekuwa mkinisimamisha kila nikipita sokoni. Wengine mnauliza kwa huruma, wengine mnauliza huku mnachekea pembeni. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Haya, someni yote mara moja, na anayetaka kucheka acheke. Mambo ya karatasi za kuvukia nayaacha, maana hakuna mtu wa hapa asiyeyajua.

Fizi, nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani ni kazi ya kuketi. Maumivu yalianza katika vita ya pili, tuliporudi kutoka porini. Kule porini wote tulikuwa watu wa kujibana. Unasikia haja, lakini risasi zinalia bondeni, basi unajizuia mpaka kutulie, na kesho yake tena vivyo hivyo. Sikufikiri kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na kilichofuata. Nilichojua ni kwamba nikikaa kitini muda kidogo, kitu kinanibana ndani ya njia ya haja kubwa, kule juu, kana kwamba nimekalia gunzi la mahindi. Siku nyingine kilinichoma ghafla kama kisu, kikaniacha natoka jasho, halafu kikaondoka chenyewe. Damu hakuna, uvimbe hakuna. Nikaanza kushona nimesimama, mguu mmoja kwenye kanyagio, na wateja wakasema fundi siku hizi anashona huku anacheza.

Kwetu, kama mnavyojua, kila linalouma chini ya kitovu lina dawa moja: kupigwa bomba. Mtoto anapigwa bomba kabla hajajua kutambaa. Kila nyumba ina mpira wake wa kusukumia dawa kwa nyuma, na kila nyumba ina majani yake inayoyaamini. Mke wangu Riziki alinipiga bomba la majani ya kwao. Jirani akaongeza pilipili, kwa kuwa pilipili inafukuza ugonjwa. Baada ya kila bomba nilikuwa mwepesi siku moja, kisha maumivu yakarudi na ndugu zake.

Hapo ndipo yaya wangu Asukulu, yaani kaka yangu mkubwa, alipoingia kati. Ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, na neno lake likishatoka halirudi. Aliita familia akasema:

"Ugonjwa yenye haionekane, ni mutu ameifanya. Ni sumu. Nani anamupikia? Ni bibi yake."

Riziki ni mtu wa Lulimba, kule kwenye dhahabu, na huku milimani kuna wanaoamini kwamba watu wa machimboni wanajua dawa nyingi mno. Mimi nilikataa waziwazi, lakini mdogo akibishana na mkubwa wake mbele ya ukoo, nani anamsikiliza? Asukulu alikata shauri.

"Muende Kigoma. Badokta bakiona ugonjwa, ni vizuri. Basipoona kitu, Riziki atarudia kwao Lulimba, na batoto batabakia hapa kwangu."

Siku hiyo hiyo watoto wetu, Neema na Echa, walihamishiwa nyumbani kwake. Riziki alifunga unga wa muhogo, nguo mbili tatu na ule mpira wa bomba. Tukaondoka hivyo, mimi nikiogopa kukutwa na ugonjwa wa kuniua, yeye akiogopa nisikutwe na ugonjwa wowote.

Kushuka Baraka juu ya machela

Baiskeli ilishindikana. Nilijaribu kukaa kwenye keria ya nyuma, sikufika hata kanisani. Vijana wa kwaya wakanibeba kwa machela, wakipokezana, nami nimelala kifudifudi. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo Riziki akanifunika kitenge kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Mnaona kosa lilipoanzia. Kabla ya kufika mtoni tulikutana na akina mama wakitoka shambani. Walipoona machela yenye kitenge walitua vikapu, wakajishika vichwa, wakaanza kulia kilio cha msiba. Kilikuwa kilio kizuri, cha watu waliokwisha kuzika wengi. Nikaona ni utovu wa adabu kunyamaza. Nikafunua kitenge, nikainua kichwa:

"Jambo, bamama."

Walitawanyika, muhogo ukabaki umetapakaa njiani. Mmoja tu, mnene, mwenye pumzi fupi, alisimama akarudi kwa hasira.

"Weye mubaya! Mutu amekufa anasalimia batu?"

"Sijakufa, mama. Niko mugonjwa."

"Mugonjwa ya wapi, yenye kukulaza kama samaki?"

Riziki akamweleza kwa sauti ya chini. Uso wa yule mama ukabadilika pale pale, akawa mwema. Dawa anayo, alisema, na mti wenyewe uko hapa karibu. Kumkataa mtu aliyekwisha kukulilia ni vigumu. Nilipigwa bomba nyuma ya migomba, vijana wa kwaya wakiimba kwa sauti ili wasisikie. Baadaye alitupa muhogo wa kuchoma na karanga, akatusindikiza mpaka kivuko. Njia nzima iliyobaki nilibanwa mpaka nikauma kitambaa cha machela.

Baraka, kwa Mama Zaituni

Baraka, mji wa bandari ya kwetu, tulifikia kwa Mama Zaituni, mdogo wake mama yake Riziki, aliyeolewa katika nyumba ya Waislamu wa kando ya ziwa. Ni mwanamke mkarimu na hasikilizi mtu. Boti hazikuwa zikiondoka, kwa sababu ziwani kulikuwa na milio ya bunduki, na wenye boti walikuwa wakitazama maji kila asubuhi kisha wanarudi kulala.

Siku ya kwanza alitutandikia mkeka, akaleta bugali na samaki wa kukaanga, migebuka. Kukaa mkekani siwezi, kwa hiyo nilipiga magoti nikala hivyo. Mama Zaituni alidhani ninamheshimu kupita kiasi kwa kuwa ni mkwe wangu. Akaona aibu, akapiga magoti na yeye. Tukala wawili tumepiga magoti, tunatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akae. Riziki alitugeuzia mgongo, mabega yakimtikisika. Nikafurahi kwamba bado anaweza kucheka.

Halafu Mama Zaituni aliambiwa ukweli, na mnajua kilichofuata. Bomba la kwake lilikuwa na tangawizi. Muuguzi mmoja wa zahanati naye alisema ni bawasiri bila kunifunua, akanipa mafuta ya kupaka yasiyosaidia kitu. Nilikonda. Usingizi wangu ukawa wa kuvizia. Siku moja Riziki aliniuliza nikifa yeye atasema nini kwa Asukulu.

Ufukweni, dhahabu yangu

Boti ilipopatikana, askari waliokuwa wanashika ufuko walitupanga mchangani. Wote waliketi, nikabaki nimesimama peke yangu.

"Weye, ikala chini kama benzako."

"Siwezi kuikala, shefu. Niko mugonjwa."

"Ya wapi?"

"Ya nyuma."

Shefu, yule mkubwa wao, alinizunguka taratibu, akatazama ninavyosimama nimepanua miguu. "Na huyu mama anatoka wapi?"

Riziki hajui kudanganya. "Lulimba," akasema.

Basi yakaisha. Lulimba ni dhahabu, na kila anayeshika kizuizi anajua kwamba wachimbaji wengine wanaipitisha wameificha pale pale ninapoumwa mimi. Askari wakacheka, wakapongezana. Niliapa kwa Mungu na kwa marehemu baba. Shefu akanipiga begani kirafiki.

"Hatutakupiga. Tutangoja tu. Itatoka yenyewe."

Boti ikaondoka bila sisi. Niliwekwa kibandani, askari mmoja mwenye bunduki akapewa kazi ya kunifuata chooni. Sijawahi kulishwa vizuri hivyo wakati wa vita: maharage, papai, maharage tena. Lakini hebu jaribuni ninyi kwenda haja mtu amesimama na bunduki anawatazama. Kadiri walivyongoja ndivyo nilivyofunga, na kadiri nilivyofunga ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mzigo ni mkubwa. Nilisukuma mpaka nikaona nyota mchana, nikazidi kuumia. Mwishowe walimwita nani? Mama Zaituni na mpira wake.

Ilipotoka, yule askari alichokoa kwa kijiti kwa makini sana.

"Shefu, hakuna kitu! Ni mbegu ya papai!"

Shefu alikuja kuangalia mwenyewe. Alinitazama kwa uchungu wa kweli. "Sasa, unaumwa bure?" akaniuliza.

Ziwani

Boti ya pili iliondoka alfajiri na mawimbi yalikuwa madogo. Nililala juu ya magunia ya ndagala, dagaa wetu wakavu, mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kulala katika safari ile, isipokuwa harufu. Mzee mmoja mfanyabiashara alinipisha nafasi yake, akaniuliza ninaumwa nini, na kabla sijamaliza akaanza kutaja majani. Riziki alimwambia: "Papa, tafazali, batu ya Congo yote balishapitia hapo." Boti nzima ikacheka. Mchana tulikula mkate mkavu. Milima ya kwetu ikawa ya buluu nyuma yetu, na Riziki aliitazama mpaka ikapotea. Nilijua anawatazama watoto.

Kigoma

Tulifikia kwa watu wa Fizi waliokimbia kabla yetu, wanalala familia tatu nyumba moja. Hospitalini tulingoja foleni ndefu. Daktari alikuwa mama wa makamo, amechoka, ana sauti ya upole.

"Karibu, baba. Kaa."

"Siwezi, mama."

"Basi simama hivyo hivyo. Nieleze tangu mwanzo."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Huyo alikuwa wa kwanza. Aliuliza kama naona damu, kama nilikuwa na homa, kama maumivu yanazidi nikikaa, kama najizuia, kama nasukuma. Kisha akanilaza ubavu, akavaa glovu, akanipima. Riziki alisimama upande wa kichwa changu. Daktari alipobonyeza upande wa kushoto, ndani, niliruka.

"Hapa?"

"Hapo hapo, mama. Usirudie."

Akarudia upande wa pili. Halafu akaangalia kwa chombo chenye taa, akavua glovu, akatabasamu.

"Hakuna kidonda. Hakuna uvimbe. Bawasiri hakuna. Sioni kitu kibaya humo. Mshukuruni Mungu."

Riziki alianguka sakafuni akapiga yowe. "Batoto bangu! Nimekwisha!"

Daktari alidhani hakuelewa, akarudia kwa sauti zaidi: "Mama, ni habari njema! Hakuna kitu!" Kila aliposema hakuna kitu, Riziki alizidi kulia, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia wakidhani nimefariki. Ikabidi nieleze mimi, nikiwa bado nimelala ubavu na suruali iko magotini, habari za yaya, za sumu na za Lulimba. Riziki akamshika daktari miguu.

"Dokta, mumukate hata kidogo. Alama tu. Ya kuonyesha kwa nyumba."

Daktari alikaa kitako karibu naye, sakafuni.

"Siwezi kumkata mtu asiyehitaji kukatwa. Lakini sikusema haumwi. Nipe mkono wako."

Alimkunja Riziki vidole, akamwambia abane ngumi kwa nguvu zote, asiachie mpaka aambiwe. Kisha akaanza kuandika mambo yake kana kwamba ametusahau. Baada ya muda mkono wa Riziki ulianza kutetemeka, akakunja uso.

"Unauma?"

"Unauma."

"Una kidonda?"

"Hapana."

"Nani amekulisha sumu?"

Riziki alitazama ngumi yake. Kilio kikakatika.

Daktari alitueleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa, inashikilia kila kitu kilichomo tumboni. Mimi nikaelewa ni kama bitana ya koti. Mtu akiogopa, misuli hiyo inabana. Akijizuia haja, inabana. Akisukuma sana, akikaa muda mrefu, inabana. Mwingine inabana miezi na yeye mwenyewe hana habari, mpaka inauma yenyewe, na ile ya ghafla inayochoma kama kisu ni mkakamao, kama ule unaomshika mtu kwenye shavu la mguu. Nilimuuliza habari ya bomba. Aliuliza ndani kulikuwa na nini. Nilipofika kwenye pilipili alifumba macho.

"Baba, mtu akikutia pilipili jichoni, utafumbua jicho au utafumba?"

Dawa aliyonipa haikunifurahisha hata kidogo. Kukaa kwenye beseni la maji ya moto kiasi, kama ya kuogesha mtoto mchanga, asubuhi na jioni. Kulala chali magoti juu, mkono tumboni, kuvuta pumzi polepole mpaka tumbo lipande, na wakati huo kuachia kule chini kama mtu anayeanza kukojoa. Kutojizuia, kutosukuma. Kula mboga na maharage, kunywa maji. Kushona kidogo, kusimama, kutembea, kurudi. Na bomba basi kabisa. Mimi nilinung'unika kwamba nimevuka ziwa lenye vita kwa ajili ya maji ya moto. Daktari akasema nikitaka kurudi bila kujaribu, boti zipo. Akaongeza kwamba maumivu yatarudi siku moja moja na nisitishike, lakini nikiona damu, homa, au nikizidi kukonda, nisiseme ni misuli tu, niende nikapimwe.

Mwanzoni sikuweza. Akiniambia achia, nabana. Sikujua hata mlango wenyewe uko wapi. Mtaalamu wake wa viungo alinifundisha nibane kwanza kidogo, ndipo niachie, nijue tofauti. Jioni moja, ndani ya beseni nyuma ya nyumba ya wenyeji wetu, kule chini kulilegea kwenyewe, taratibu, na nikaketi. Niliketi tu, jamani. Nililia kwa sauti, Riziki akaja mbio akidhani maji yameniunguza.

Kurudi Fizi

Ziwani nilikaa kidogo, nikasimama kidogo. Ufukweni shefu alinitambua, akaniuliza kama dhahabu nimeiuza vizuri. Kutoka Baraka nilipanda mlima kwa miguu, beseni la plastiki kichwani. Nilikuwa na furaha. Riziki, kadiri nyumba za Fizi zilivyoonekana, ndivyo alivyozidi kubaki nyuma.

Asukulu aliita familia. Niliketi mbele yao kwenye kiti, wote wakaona.

"Balikuta nini?" akauliza.

"Musuli. Ilikuwa inakaza."

"Balikata?"

"Hapana."

"Balikupa dawa gani?"

"Maji ya moto. Na kupumua."

Watu walicheka. Asukulu hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilingoja jibu hilo hilo.

"Sasa nimeelewa. Ugonjwa yenye inapona bila dawa, ni mwenye kuifunga ndiye ameifungua. Riziki aliona tumemujua, akaifungulia njiani."

Wazee waliitikia. Nilionyesha ngumi, nilieleza gunzi, kisu na bitana, nilitaja daktari. Asukulu akasema ngumi ni ngumi. Ikaamuliwa kwamba Riziki aondoke baada ya ibada ya Jumapili. Nilimkasirikia yaya, na papo hapo kule chini kukabana kama zamani.

Kesho yake mchana nilikuwa nyuma ya nyumba ndani ya beseni, kitenge kiunoni. Riziki alikuwa jikoni, anachemsha maji ya kuongeza, na kando yake kifurushi chake kimeshafungwa. Asukulu akatokea bila kupiga hodi. Alisimama akitazama maji, hakunitazama mimi.

"Ile maji," akasema, "inakuwaka moto namuna gani?"

"Kama ya kuogesha mutoto muchanga. Kwa nini, yaya?"

Kuku walipita, wakarudi.

"Mi pia," akasema.

"Weye pia nini?"

"Vile ulieleza jana. Gunzi. Kisu." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Tangu vita ya kwanza, wakati tulijificha mu matete. Nilizania ni mi peke yangu."

Miaka yote hiyo tumekuwa tukimsifu kanisani kwamba hakai, kwamba anasimama ibada nzima kwa sababu ya bidii ya imani. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Kabla sijachagua, Riziki alikuwa ameshatoka jikoni, sufuria mkononi, na mvuke unampanda usoni.

"Shemeji," alisema, "vita ya kwanza mi nilikuwa kwa baba, Lulimba. Sikukuwa najua hata jina yenu. Weye, nani alikulisha?"

Asukulu aliinama, akavua viatu.

Nilitoka kwenye beseni, nikajifunga kitenge vizuri, nikamwaga maji yangu. Riziki alimimina mengine, akachovya kiwiko kupima, akaongeza ya baridi kidogo, kisha akatupisha ili mtu mzima avue nguo. Yaya aliingia polepole, akishika kingo kwa mikono miwili. Nilimwambia avute pumzi mpaka tumbo lipande, halafu aachie. Akasema hajui kuachia. Nikamwambia hata mimi sikujua, ajaribu tena.

Jioni ile aliwaleta Neema na Echa mwenyewe, amewashika mikono.